Ushindi wa Kurudi na Swali Lililoachwa na Kipigo

Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza Kolwezi, Jumapili ya tarehe 19 Januari 2020, wakati Las Vegas ilikuwa bado usiku wa Jumamosi. Conor McGregor aliingia ulingoni kupambana na Donald Cerrone, na sekunde 40 baadaye kazi ikawa imekwisha. Wapiganaji hao wawili waligandana, McGregor akalipandisha bega lake puani mwa Cerrone, akarudia, akarudia tena. Pua ikavuja damu. Walipoachana likafuata teke la kichwani, kisha ngumi, na mwamuzi akaingia kati. Mtu aliyechelewa kidogo kuwasha simu yake hakuona kitu.

Raia huyo wa Ireland alikuwa hajashinda pambano la MMA tangu Novemba 2016, alipompiga Eddie Alvarez mjini New York. Katikati ya hapo Khabib Nurmagomedov alikuwa amemlaza chini na kumkaba shingo hadi akasalimu amri katika raundi ya nne, tarehe 6 Oktoba 2018. Kwa hiyo sekunde 40 zile zilipokewa kwa shangwe kubwa: mfalme amerudi. Waliopinga nao hawakukosa hoja. Cerrone aliingia ulingoni akitoka kupigwa mara mbili mfululizo mwaka 2019, na Tony Ferguson kisha na Justin Gaethje, na mara zote mbili pambano lilisimamishwa. Alikuwa na umri wa miaka 36 na mwili uliobeba mapambano mengi mno.

Ubishi wa namna hii unasikika Musonoi, mtaa wa Kolwezi, kwenye vijiwe vya kuchaji simu na kwenye foleni ya maji, kama unavyosikika Dublin. Upande mmoja unasema ushindi ni ushindi. Upande wa pili unasema mpinzani alikuwa mnyonge, kwa hiyo ushindi haupo. Pande zote mbili zinapima kitu kisichofaa. Unyonge wa mpinzani peke yake hauelezi jambo. Kinachoeleza ni uhusiano kati ya pambano la kurudi na kipigo kilicholitangulia. Kila kipigo humwachia mpiganaji swali: pumzi zako zinatosha? Ukibanwa kwenye kamba unatoka vipi? Mtu asiyeanguka kwa ngumi yako ya kwanza utamfanya nini? Pambano la kurudi lina thamani kama linamlazimisha ajibu swali hilo, hata mbele ya mtu dhaifu. Lisipomlazimisha, halina thamani ya kiufundi, hata kama uwanja ulijaa na fedha zikaingia.

Mtazame McGregor kwa kipimo hicho. Khabib alikuwa amemuuliza juu ya mieleka na pumzi. Cerrone hakumwangusha chini hata mara moja, wala hakumfikisha dakika ya pili. Swali likabaki mezani kama lilivyokuwa. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2021, Dustin Poirier alimpiga mateke ya chini ya goti mpaka mguu ukakataa kumbeba, akamwangusha kwa ngumi katika raundi ya pili. Sekunde 40 za Las Vegas hazikuwa zimemfundisha yeye, kocha wake wala mtazamaji jambo lolote lililohitajika usiku ule.

Congo ina mifano mizuri zaidi, na wa kwanza ulianzia Kinshasa.

Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, saa kumi na moja kwa saa za Kolwezi, George Foreman na Muhammad Ali walipanda ulingoni katika uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Foreman alikuwa na mapambano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hiyo kwa KO. Katika mapambano matatu ya ubingwa yaliyotangulia, dhidi ya Joe Frazier kule Kingston, José Roman kule Tokyo na Ken Norton kule Caracas, hakuna aliyemaliza raundi ya pili. Wakubwa na wadogo nchini wanajua yaliyofuata. Ali aliegemea kamba, akakunja mikono usoni, akamwacha Foreman apige, apige, apige. Kufikia raundi ya tano mikono ya Foreman ilikuwa mizito. Katika raundi ya nane alikuwa chini.

Hadithi hiyo Wakongomani huisimulia kwa upande wa Ali, na wana haki. Lakini kwa mtu anayetaka kuelewa maana ya kurudi baada ya kushindwa, aliyeshindwa ndiye mwenye somo kubwa zaidi. Kinshasa ilimuuliza Foreman swali lililo wazi kabisa. Wewe unayemaliza kazi kwa dakika sita, ukikutana na mtu asiyeanguka, utazigawaje nguvu zako?

Jibu lake la kwanza lilikuja tarehe 26 Aprili 1975, mjini Toronto, katika ukumbi wa Maple Leaf Gardens. Foreman alipigana na watu watano kwa usiku mmoja, kila mmoja kwa raundi zisizozidi tatu: Alonzo Johnson, Jerry Judge, Terry Daniels, Charley Polite, Boone Kirkman. Watatu wa kwanza aliwamaliza katika raundi ya pili. Wawili wa mwisho walifika mwisho wa raundi tatu. Ali mwenyewe alikuwa kando ya ulingo akifanya kazi ya televisheni, na muda wote alimpigia kelele na kumkejeli, na Foreman naye akawa anajibizana naye badala ya kumtazama mtu aliye mbele yake.

Ukihesabu, usiku ule Foreman alipigana raundi 12. Kwa juu juu, hapo pumzi imejaribiwa, na bila shaka ndivyo wapangaji walivyolieleza jambo lile. Lakini ukilitazama kwa karibu utaona lilivyopita kando. Kila baada ya dakika chache mtu mpya aliletwa, na kati ya mmoja na mwingine kulikuwa na mapumziko. Foreman akafanya na kila mmoja kile alichokuwa amekizoea tangu zamani: kutupa mikono mizito kwa upana, tangu sekunde ya kwanza, ili mtu aanguke. Kinshasa haikumhukumu kwa idadi ya raundi. Ilimhukumu kwa kukosa utulivu mbele ya mtu mmoja, yule yule, anayezidi kuwa mbele yako huku ngumi zako zikizidi kupungua. Watu watano hawawezi kuuliza swali hilo. Anahitajika mmoja.

Januari 1976 alimpiga Ron Lyle katika pambano ambalo wote wawili walianguka ndani ya raundi ya nne, na hadi leo wapenzi wa masumbwi hulitaja kwa heshima. Miezi michache baadaye akampiga Frazier kwa mara ya pili. Kwa macho ya wengi alikuwa amerudi. Kisha, tarehe 17 Machi 1977, mjini San Juan, kwenye joto, Jimmy Young alimsubiri. Young hakuwa na ngumi ya kutisha, ila alikuwa na akili na mwendo. Foreman alichoka tena. Katika raundi ya 12, ya mwisho, aliangushwa, akashindwa kwa pointi. Kinshasa na San Juan ni kipigo kimoja kilichotokea mara mbili, kwa sababu miaka miwili na nusu ya ushindi katikati haikugusa ugonjwa wenyewe. Baada ya usiku ule aliacha ngumi, akawa mhubiri huko Houston.

Alikaa nje miaka kumi. Tarehe 9 Machi 1987, mjini Sacramento, akiwa na umri wa miaka 38 na uzito wa kilo kama 121, alirudi dhidi ya Steve Zouski. Zouski alikuwa mnyonge kweli, na pambano lilisimamishwa katika raundi ya nne. Waandishi wa Marekani walilicheka tumbo la Foreman, wakawacheka wapinzani wake, na kwa miaka kadhaa waliendelea kuwacheka kila alipoongeza mwingine kwenye orodha. Kama kipimo ni jina la mpinzani, walikuwa sahihi. Orodha ile haikuwa na watu wakubwa.

Ila Foreman wa safari hii aliwatumia wanyonge kwa namna tofauti kabisa na usiku wa Toronto. Kati ya raundi na raundi alikuwa hakai kwenye kiti, alisimama kwenye kona yake. Mikono yake aliikunja mbele ya uso na kifua, mtindo wa kizee uliohusishwa na Archie Moore, aliyekuwa katika kambi yake tangu enzi za Kinshasa. Ngumi ya kushoto ya kusukuma, ambayo zamani aliisahau mara tu alipoona mtu anayumba, ikawa ndiyo inayoongoza kazi. Alikuwa hatupi tena ngumi kumi ambapo mbili zinatosha. Zouski, na wengi waliomfuata, hawakuwa na nguvu ya kumwadhibu akikosea, kwa hiyo mbele yao aliweza kujaribu, kukosea, kurekebisha. Na alipokutana na Everett Martin mwaka 1989, ambaye hakukubali kuanguka, alikwenda naye raundi zote kumi bila kupagawa, akashinda kwa pointi. Katika ushindi 24 wa miaka ile, huo ndio pekee ambao haukumalizika kwa KO. Na ndio uliokuwa na maana kuliko mingine yote, kwa sababu ndipo swali la Kinshasa lilipojibiwa kwa mara ya kwanza, mbele ya mtu ambaye ulimwengu haukumjua.

Aprili 1991 akaenda raundi 12 na Evander Holyfield, bingwa kijana, akashindwa kwa pointi akiwa amesimama. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alivaa bukta nyekundu ile ile aliyovaa Kinshasa, na kwenye kona yake alikuwapo Angelo Dundee, mtu aliyekuwa kona ya Ali usiku wa 1974. Michael Moorer alimwongoza kwa pointi raundi baada ya raundi. Foreman hakuharakisha. Katika raundi ya kumi akapata mwanya mdogo, akapiga kushoto, akapiga kulia kwa mkono mfupi, Moorer akalala chali. Hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyekuwa amepata mkanda akiwa na umri mkubwa kiasi kile. Njia ya kufika pale ilipitia kwa wanyonge, hilo halina ubishi, lakini ilipitia kwao kwa mpango.

Mfano wa pili ni wa mtoto wa Katanga, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, wanaovaa glavu hawamjui. Sumbu Kalambay alizaliwa Lubumbashi mwaka 1956, akaondoka Zaire kama bondia wa ridhaa mwenye uzoefu mkubwa, akaanza ngumi za kulipwa nchini Italia mwaka 1980. Kupanda kwake hakukuwa kwa haraka. Desemba 1985 alishindwa kwa pointi na Ayub Kalule wa Uganda katika pambano la ubingwa wa Ulaya, Mwafrika dhidi ya Mwafrika wakigombea mkanda wa Wazungu. Alirudi polepole, na Mei 1987 akauchukua mkanda huo mjini London kwa Herol Graham, ambaye hadi siku ile hakuna aliyewahi kumshinda. Oktoba mwaka huo huo, mjini Livorno, alimpiga Iran Barkley na kuwa bingwa wa dunia wa WBA wa uzito wa kati. Machi 1988 akampa Mike McCallum kipigo chake cha kwanza.

Kalambay hakuwa mpiga nyundo. Alikuwa fundi: miguu myepesi, mkono wa kushoto usiochoka, kichwa kisichokaa mahali pamoja. Kisha ikaja Machi 25, 1989, Las Vegas, dhidi ya Michael Nunn, Mmarekani mrefu wa mkono wa kushoto. Ngumi moja ya kushoto ilimkuta Kalambay wazi, na pambano likaisha baada ya sekunde 88. Jarida la The Ring liliitaja KO ya mwaka.

Hapa kipimo chetu kinakutana na jambo gumu. Kipigo cha sekunde 88 kinauliza nini? Kinshasa ilimuuliza Foreman kwa raundi nane, ikamweleza kila kitu. Nunn hakumweleza Kalambay chochote zaidi ya kwamba siku ile, kwa ngumi ile, alilala. Hakuna mpango wa mazoezi unaoweza kutungwa kutokana na ngumi moja. Mapambano mengine makubwa aliyoshindwa, na Kalule kabla, na McCallum na Chris Pyatt baadaye, yote yalikwenda kwa majaji. Kidevu chake hakikuwa cha glasi. Lakini mtu wa miaka karibu 33 aliyelala hivyo mbele ya dunia ana swali jingine, la ndani: je, atakaporudi ulingoni, mguu wake utasita kuingia ndani ya masafa ya ngumi? Fundi anayesita hana kazi tena, kwa sababu ufundi wake wote unategemea kusimama karibu na hatari.

Kwa swali la namna hii, mpinzani wa daraja la chini anafaa. Hahitajiki kumfundisha jambo jipya. Anahitajika ili mwili ukumbuke. Januari 1990 Kalambay aliuchukua tena ubingwa wa Ulaya kutoka kwa Mwitaliano Francesco Dell'Aquila, ambaye hakuwa Nunn wala hakukaribia kuwa Nunn. Waliosema kwamba ushindi ule haukuthibitisha kitu walikosea. Ulithibitisha jambo dogo lililohitajika, kwamba mguu haukusita. Yaliyofuata yalithibitisha makubwa: Aprili 1991 alikwenda raundi 12 na McCallum na majaji wakagawanyika, Machi 1992 akampiga Herol Graham mara ya pili, Oktoba mwaka huo akampiga Steve Collins, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. Mkanda wa Ulaya ulikaa kwake hadi 1993.

Ndugu wawili waliozaliwa Kananga wanakamilisha hesabu ya Congo, na wao ni wa zama hizi. Mkubwa, Ilunga Makabu, alianza ngumi za kulipwa Afrika Kusini mwaka 2008 kwa kupigwa KO raundi ya kwanza. Mtu anayeanza hivyo kwa kawaida hasikiki tena. Yeye alifika hadi Goodison Park, uwanja wa Everton mjini Liverpool, tarehe 29 Mei 2016, akigombea mkanda wa WBC wa uzani wa cruiser. Alimwangusha Tony Bellew katika raundi ya kwanza, akaamini kazi imekwisha, na katika raundi ya tatu akajikuta kwenye kamba akimiminiwa ngumi mpaka akalala. Swali: ukimjeruhi mtu, unajilinda vipi wakati anapokujia kwa hasira?

Baada ya mapambano madogo ya kujirudisha, Makabu alifanya jambo ambalo mapromota wengi wangelikataa. Mwaka 2019 alikwenda Urusi mara mbili. Alimmaliza Dmitry Kudryashov, mpiga nyundo mashuhuri wa uzani ule, katika raundi ya tano. Kisha akamshinda Aleksei Papin, aliyekuwa hajawahi kushindwa, kwa pointi mbele ya Warusi wenyewe. Hapo swali la Liverpool lilijibiwa kwa lugha ngumu, mbele ya watu wanaopiga na wanaojua kurudisha. Tarehe 31 Januari 2020, Kinshasa, alimshinda Michał Cieślak wa Poland na kuwa bingwa wa dunia nyumbani. Mkanda ulikaa naye hadi Februari 2023, Badou Jack alipomsimamisha katika raundi ya 12 huko Saudi Arabia.

Mdogo wake, Martin Bakole, wa uzito wa juu, ni habari iliyo wazi bado. Oktoba 2018, katika ukumbi wa York Hall mjini London, Michael Hunter alimchosha na kumsimamisha katika raundi ya kumi. Aprili iliyofuata kambi yake ilimpeleka Poland kupambana na Mariusz Wach, jitu la karibu miaka 40, zito la miguu, ambalo lilikuwa limekwisha kupoteza mapambano yake yote makubwa. Mnyonge? Ndiyo, kwa kasi na kwa umri. Lakini Wach alikuwa na kitu kimoja kilichotakiwa: haanguki kirahisi. Mwaka 2012 alisimama raundi 12 mbele ya Wladimir Klitschko. Bakole ilimbidi afanye kazi hadi raundi ya nane, na hapo akashinda. Uchaguzi ule ulikuwa wa kocha anayejua anachotafuta. Miaka mitatu baadaye, Mei 2022, Bakole alimwangusha Tony Yoka, bingwa wa Olimpiki wa Rio, mbele ya Wafaransa mjini Paris, akashinda kwa pointi baada ya raundi kumi. Agosti 2024 akamsimamisha Jared Anderson katika raundi ya tano huko Los Angeles.

Halafu Februari 2025 aliitwa Riyadh siku mbili tu kabla ya pambano, kuziba nafasi ya Daniel Dubois dhidi ya Joseph Parker. Alipanda mizani akiwa na zaidi ya kilo 140. Parker alimwangusha katika raundi ya pili. Kipigo hicho hakikuuliza juu ya ngumi wala ufundi. Kiliuliza juu ya maisha kati ya pambano na pambano: mwili unatunzwa vipi wakati simu haijalia? Mei mwaka huo alirudi Riyadh na kutoka sare na Efe Ajagba katika raundi kumi. Ajagba hakuwa mnyonge hata kidogo. Ndiyo maana sare ile inaeleza zaidi kuliko KO ya raundi ya kwanza dhidi ya mtu asiyejulikana: Bakole alizifikia raundi kumi, lakini hakuzitawala. Swali la Parker lilijibiwa nusu.

Kuna Mwafrika mwingine, huyu wa MMA, ambaye wachimbaji wa mikono wa Kolwezi, creuseurs wenyewe, wana sababu ya kumtazama kama ndugu. Francis Ngannou alikua Batié, Cameroon, akipiga koleo kwenye machimbo ya mchanga tangu utotoni. Januari 2018, mjini Boston, Stipe Miocic alimwangusha chini mara kwa mara kwa raundi tano na kumshinda kwa pointi. Alirudi kwa KO za haraka za kutisha, sekunde 45 kwa Curtis Blaydes, sekunde 26 kwa Cain Velasquez, na bado hazikujibu swali la Boston, kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kumwangusha. Jibu lilikuja Januari 2022 dhidi ya Ciryl Gane, ambapo Ngannou, akiwa na goti bovu, ndiye aliyegeuka mwanamieleka na kumwangusha mwenzake. Baada ya kupigwa KO na Anthony Joshua katika ngumi, Machi 2024, na baada ya kumzika mtoto wake mdogo mwezi uliofuata, alirudi MMA mwezi Oktoba dhidi ya Renan Ferreira. Alimbwaga chini mapema na kummaliza huko huko chini, kabla raundi ya kwanza haijaisha. Ferreira alikuwa mdogo kwake kwa uzoefu wa mapambano makubwa. Hata hivyo, namna ya ushindi ilimwonyesha mtu aliyejenga kile alichokosa miaka sita nyuma.

Mpaka hapa habari imekuwa ya anayerudi. Yule anayeitwa mnyonge naye ni mtu, na Afrika Mashariki na Kati zimetoa wengi wa aina yake kwa ajili ya kumbi za Ulaya: kijana anapigiwa simu wiki chache kabla, anapewa tiketi, anatarajiwa kupoteza. Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga aliletwa Birmingham kama mbadala dhidi ya Sam Eggington, Mwingereza mwenye jina. Alimsimamisha Eggington katika raundi ya pili. Usiku ule ulikumbusha kwamba unyonge huandikwa na mpangaji wa mapambano kabla kengele haijalia, na karatasi yake huweza kukosea. Lakini kwa kila Mwakinyo wapo wengi wanaorudi nyumbani na maumivu ya kichwa na bahasha nyembamba, na hakuna anayewauliza kipigo chao kiliwauliza nini. Wao hawapewi pambano la kurudi. Wanapewa kipigo kingine. Hilo ni kosa, na viongozi wa ngumi wa nchi zetu wanaoruhusu bondia aliyelazwa KO asafiri tena kabla ya kupona wanalibeba.

Musonoi haina Las Vegas wala Riyadh. Ina vijana wanaopiga mifuko jioni baada ya kazi, na makocha wanaojua majina yote ya mtaa. Kijana akishindwa kwa kuchoka, kazi ya kocha wiki inayofuata ni kutafuta mpinzani mwenye ngumi nyepesi na kidevu kigumu, amkalishe naye raundi sita, na kumkataza kutafuta KO kabla ya raundi ya nne. Akishindwa kwa kunaswa kwenye kamba, atafutwe mtu anayependa kusukuma, hata kama ni mdogo wake kwa uzito, na pambano lipimwe kwa mara ngapi alitoka pembeni badala ya mara ngapi alipiga. Aliyelala kwa ngumi moja apumzike kwanza, miezi, daktari amwone, kisha apewe mtu wa kumrudishia mguu. Na mpinzani anayeletwa kwa kazi hiyo alipwe vizuri, avae glavu nzuri kama za mwenzake, na kocha wake mwenyewe awe kwenye kona yake.

Swali la Bakole, baada ya sare na Ajagba, lilibaki likisubiri nusu ya pili ya jibu. Kambi yake ikimtafutia mtu wa kuanguka haraka, itapata picha nzuri ya kusambaza kwenye simu za Kananga na Kolwezi. Ikimtafutia mtu mwenye umbo la Wach, wa polepole, mgumu, asiye na jina, na ikampandisha mizani akiwa na kilo zile alizokuwa nazo Los Angeles, basi hata mbele ya mpinzani huyo itafaa kuamka alfajiri kumtazama.